Barabara Isiyofuata Reli

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na walioijenga walikuwa na sharti moja lisilokwepeka: garimoshi halipendi mlima wala kona kali. Wakatafuta tambarare. Barabara ya Shinyanga nayo inapita kwenye nyanda hizo hizo, ndiyo maana dereva anayetoka Mwanza kupitia Misungwi na Mabuki anaweza kushika usukani saa mbili nzima bila mikono yake kufanya kazi ya maana. Lami nzuri, mbuga kulia na kushoto, lori mbele, lori nyuma. Hiyo ni barabara ya kufikia uendako. Anayetaka kulifurahia gari lake nampa kanuni moja kabla ya nyingine zote: fungua ramani, itafute reli, kisha chagua barabara inayoikimbia.

Vijana wengi wa mjini hufanya kinyume. Wakishanunua Crown au Subaru huenda kulipimia Shinyanga, kwa sababu huko kumenyooka, wakashindana na mabasi. Tatizo la njia iliyonyooka ni kwamba inadanganya macho. Ukiwa 120 unajiona uko 70, mpaka ng'ombe mmoja aamue kurudi alikotoka. Na ukiondoa hatari, hakuna kitu: umekanyaga mafuta, mshale umepanda, basi. Barabara ya vilima na kona haikuombi spidi. Kwa 60 au 70 inakulazimisha uwe macho, injini inasikika, gia zinafanya kazi. Unaisoma kona kabla hujaifikia, unapunguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, unaingia taratibu, unaiona njia inafunguka mbele yako, ndipo unaongeza mafuta. Kona kumi za namna hiyo zikifuatana, utashuka kwenye gari unatabasamu, na hakuna trafiki atakayekuwa na neno na wewe.

Zinapatikanaje? Waingereza, ambao nchi yao imejaa vibarabara vya mashambani, wana mazoea ya kuzipita barabara zenye herufi A na M kwenye ramani na kutafuta zile za herufi B, kwa hesabu kwamba malori yote yatakuwa kwenye zile kubwa. Sisi nasi tunazo herufi zetu. Barabara kuu za TANROADS zina T na za mkoa zina R. Za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017. Kanda ya Ziwa inabebwa na T4, inayotoka Mutukula mpakani mwa Uganda, inapita kusini mwa ziwa mpaka Sirari mpakani mwa Kenya, na T8 inayoshuka Shinyanga na Tabora. Ila huku hesabu ya Mwingereza haikubali moja kwa moja, kwa sababu R nyingi ni vumbi na makorongo, na T4 yenyewe ina vipande vitamu kuliko R yoyote. Herufi peke yake haitoshi. Mimi natazama vitu vitatu.

Cha kwanza ni umbo la nchi. Programu za ramani kwenye simu zina tabaka linaloonyesha milima na mabonde. Liwashe, uone barabara inapokutana na vilima na inapokutana na ghuba. Ziwa Victoria lina ghuba nyingi upande huu, na barabara isiyo na daraja hulazimika kuzizunguka.

Cha pili ni mwisho wa barabara. Ile inayoishia kwenye kivuko haina lori la Rwanda wala la Kongo. Dereva wa masafa hana shida na kivuko cha kisiwani. Anayekwenda huko ni mwenyeji, mwalimu, mfanyabiashara wa dagaa. Barabara inabaki na wenyewe.

Cha tatu hukioni kwenye ramani, unakiona kwa kioo cha mbele: majaruba. Popote palipo na majaruba ya mpunga, chini ya lami kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Lami iliyolazwa juu yake hupata mawimbi baada ya miaka, na malori yanapopita pale pale kila siku, njia ya matairi huzama. Gari jepesi likiingia kwenye wimbi la hivyo kwa kasi hupoteza mshiko kabla dereva hajajua. Ukiona yale mawe makubwa ya Usukumani yamepandiana kando ya njia, chini pako imara, unaweza kuliamini gari. Ukiona majaruba, legeza mguu. Sijaona kibao cha barabarani kinachosema hayo.

Kabla sijaingia kwenye njia zenyewe, neno kuhusu jua, maana wengi hawalipangii. Mwanza iko magharibi sana ndani ya saa ya Afrika Mashariki. Jua hapa huchomoza na kuzama kama dakika 25 baada ya Dar es Salaam. Saa 1 na nusu asubuhi bado liko chini kabisa, na anayetoka Igoma kuelekea Magu analipata lote usoni. Akirudi jioni, linamsubiri upande wa pili. Huyo amelipa mara mbili. Anayekwenda magharibi asubuhi na kurudi alasiri analipa mgongo safari nzima. Kwa hiyo safari ya siku moja, hasa kwa asiye mzoefu, iwe ya magharibi.

Na magharibi siku hizi kumefunguka. Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Kabla yake ulikuwa huwezi kupanga safari ya kujifurahisha upande ule. Foleni ya kivuko iliweza kukumeza saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, jua kali, watoto wanalia. Leo unavuka kwa dakika chache. Daraja lenyewe limenyooka na halina utamu wowote wa kuendesha, na tafadhali usisimame katikati kupiga picha huku basi la Bukoba liko nyuma yako. Utamu unaanza ukishatoka Busisi.

Toka mjini mapema, kabla daladala hazijajaa Mkuyuni na Butimba. Pita Nyegezi, kamata Usagara kama kilomita 20 kutoka mjini, uingie kulia. Baada ya daraja barabara inaanza kupanda na kushuka kuelekea Sengerema, na kutoka Sengerema kwenda Geita ndipo vilima vinapokolea. Kona zake nyingi ni ndefu na zinasomeka. Unaona zinakoishia, na hizo ndizo za kujifunzia. Jizoeze jambo moja: breki zote zimalizike kabla hujakata usukani. Anayekanyaga breki katikati ya kona anahamishia uzito wote mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na kama lami ina mchanga uliomwagwa na lori la kifusi, gari linageuka lenyewe. Mchanga huo utaukuta, maana njia hii ina ujenzi na machimbo. Geita ni mji wa dhahabu, una magari mengi na haraka nyingi, na sioni sababu ya kuingia katikati yake kwa safari ya raha. Mimi ningegeuzia kwenye vilima kabla ya mji, nikanywa chai Sengerema wakati wa kurudi.

Anayependa kuzunguka badala ya kurudia njia ana zawadi nyingine. Kivuko cha Kamanga kinaondokea mjini Mwanza kabisa na kukuweka ng'ambo, na kutoka Kamanga kuna njia ya kwenda Sengerema ya kilomita thelathini na kitu. Imekuwa ya vumbi miaka mingi, na mkandarasi akiwa kazini utakutana na michepuko, kwa hiyo waulize madereva wa Noah mnaopanda nao kivuko, hao hawakosei. Vuka asubuhi kwa Kamanga, kaa kwenye ubavu wa kivuko uutazame mji na mawe yake kutoka majini, pita vumbi polepole hadi Sengerema, halafu rudi kwa lami na daraja. Ni duara la nusu siku, lina maji, vumbi, lami na daraja kubwa, na hakuna mahali pengine Tanzania ninapopajua penye mchanganyiko huo. Kwa gari la chini kama Altezza, sitakushauri.

Mashariki ni habari nyingine. Barabara ya Musoma inaanza vibaya. Kutoka Buzuruga hadi Kisesa ni bajaji, bodaboda na watembea kwa miguu, na ukijaribu kuendesha kwa raha hapo utakuwa unawatesa watu. Vumilia. Kisesa ukiwa na muda, ingia Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, siyo mbali na lami. Baada ya Nyanguge msongamano unapungua, lakini wilaya ya Magu ni nchi ya mbuga na pamba: majaruba kila upande, mawimbi ya lami niliyoyasema, na msimu wa kuuza pamba, kuanzia Mei hivi, malori yaliyojazwa hadi juu yanayoyumba. Hapa usitafute chochote. Endesha 80, sikiliza redio, tazama Ghuba ya Speke inapochungulia kushoto.

Lamadi mambo yanabadilika tena. Barabara inapita kwenye ncha ya magharibi kabisa ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko pale pale kando ya lami. Mwezi Juni nyumbu na pundamilia huweza kuwa karibu kiasi cha kuonekana kutoka barabarani, na nyani hawana msimu. Mnyama hajui upande wa kuovateki. Wakati wowote hapa, hasa jua likianza kuelekea kuzama, shuka hadi 50 hata kama hakuna kibao na basi la nyuma linakuwashia taa. Mwache apite.

Bunda, kama kilomita 150 kutoka Mwanza, ndipo ninapotaka ufike. Milima ya Balili inauegemea mji, na kutoka hapo kuna barabara inayoingia kwenye rasi kwenda Kibara na Kisorya, ambako kivuko cha Ukerewe kinaanzia. Hii ndiyo barabara ninayoipenda kuliko zote za Kanda ya Ziwa. Inatimiza masharti yote: inaishia majini, haina malori ya masafa, inazunguka vilima na vidole vya ziwa, na magari ni machache kiasi kwamba unaweza kuendesha muda mrefu ukisikia injini yako tu. Maji yanatokea kulia, yanapotea, yanatokea kushoto. Kuna kona za kufumba ambazo huoni zinakokwenda. Hizo ziingie kana kwamba nyuma yake kuna kundi la ng'ombe, kwa sababu mara nyingi lipo.

Niseme hapa kuhusu ng'ombe, maana anayejifunza kuendesha Usukumani na Mara bila kujifunza ng'ombe hajajifunza. Kundi huvuka asubuhi kwenda malishoni na majini, na hurudi jioni. Aliyetangulia si tatizo, tatizo ni wa mwisho: ndama aliyebaki upande wa pili akimtazama mama yake. Wote wakishavuka, hesabu pumzi tatu kabla hujaondoa mguu kwenye breki. Usipige honi, inawatawanya. Punguza kioo, msalimu mchungaji. Upande wa Magu na Misungwi "mwangaluka" ya asubuhi itakupatia tabasamu na pengine taarifa kwamba mbele kuna gari limeharibika. Vivyo hivyo kwa mabinti wanaoanika dagaa pembeni mwa lami: ukipita kwa kasi unawarushia vumbi kwenye riziki.

Ukitaka kulala, vuka na kivuko hadi Ukerewe, kisiwa cha mwandishi Aniceti Kitereza, ulale Nansio. Barabara za kisiwani ni za kutembelea na si za kukimbizia gari.

Kwa asiye na siku nzima, kuna njia ya Pasiansi kupita uwanja wa ndege, Igombe na Kayenze hadi kutokea Nyanguge, kilomita arobaini na kitu kandokando ya ziwa. Lami haikufika kote. Na kwa asiye na hata saa mbili, Capri Point Jumapili asubuhi, kwa 30, kwa heshima ya wanaolala.

Sasa mambo ya trafiki. Vijijini ni 50, na kibao cha kuanza makazi huwa mbali sana na kile cha kumaliza, mpaka unaweza kushawishika kwamba kijiji kimekwisha. Trafiki mwenye tochi anajua hivyo na ndiyo maana anakaa kwenye mita mia za mwisho. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Lakini sababu ya kuheshimu 50 si tochi. Shule nyingi za msingi za Kanda ya Ziwa ziko kando ya lami, na watoto wanatoka mchana kwa mkupuo. Gawa safari yako hivi kichwani: kijijini wewe ni mgeni anayepita uani kwa watu, nje ya kijiji ndipo gari linapochangamka. Nani atakayekuharakisha? Ukishazoea mpangilio huo, matuta na rasta zinageuka kuwa alama zinazokuambia sehemu moja imekwisha na nyingine inaanza.

Madereva wa malori wana lugha yao ya taa. Wa mbele yako akiwasha indiketa ya kushoto, mara nyingi anakuambia njia nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia anasema subiri, kuna gari linakuja. Mpe asante ya honi fupi, lakini usimkabidhi maisha yako: ile ya kulia inaweza kuwa anakata kulia kweli, na ile ya kushoto inaweza kuwa anaegesha. Ovateki kwa macho yako. Matawi ya miti yaliyolazwa barabarani yana maana moja tu, gari bovu liko mbele, na mara nyingi liko ndani ya kona.

Kuhusu gari, sina mengi. Huhitaji lenye nguvu. IST yenye tairi nzuri na shokapu nzima itakupa raha zaidi ya Mark X iliyochoka, na utajifunza zaidi juu yake. Tazama ubavu wa tairi, utaona tarakimu nne ndani ya duara dogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015, na tairi hiyo, hata kama kashata zake ni nene, mpira wake umekauka na hautashika lami yenye maji. Tairi za mitumba za namna hiyo zimejaa madukani. Pima upepo asubuhi kabla hujatembea. Na kwenye miteremko achana na ile tabia ya kuweka nyutro kuokoa mafuta. Gari la gia za mkono lishuke na gia ya tatu, la otomatiki weka kwenye 2 au L, injini ilizuie, breki zibaki baridi kwa ajili ya kona ya chini.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba: nchi kavu, mbingu safi, ila vumbi na moshi wa mashamba. Oktoba mvua za kwanza zikidondoka, kaa nyumbani siku hiyo. Lami imekusanya miezi minne ya vumbi na mafuta ya malori, na nusu saa ya kwanza ya mvua inaigeuza kuwa telezi kuliko itakavyokuwa mwezi mzima utakaofuata. Zikishanyesha wiki kadhaa barabara imeoshwa, vilima ni kijani, na Januari yenye manyunyu inaweza kuwa na asubuhi nzuri kuliko zote. Usiku sishauri msimu wowote. Baiskeli hazina taa, malori mabovu hayana alama, na ng'ombe mweusi ni mweusi.

Zimebaki safari mbili za kulala. Ya kwanza ni kupitiliza Bunda hadi Musoma, kilomita 220 hivi kutoka Mwanza, na kesho yake kuvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi na kupanda Tarime. Butiama haiko mbali na njia, kwa anayetaka kusimama kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Baada ya Kirumi nchi inainuka taratibu, hewa inakuwa baridi, migomba inatokea, na kona zinakuwa nyingi kuliko tambarare.

Ya pili ni Bukoba, zaidi ya kilomita 400 kupitia Geita na Chato. Sehemu ya kwanza ni ya uvumilivu. Thamani yake iko mwishoni, Muleba hadi Kemondo na kuendelea hadi Rwamishenye, ambako barabara inapanda na kushuka migongo ya milima ndani ya migomba, na ziwa linaonekana chini kwenye korongo. Ipite asubuhi, ukiwa umelala Muleba, na uwe na mkono mwepesi: kila mteremko una bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi, na dereva wake hakuoni. Kurudi si lazima uirudie njia yote. MV Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ina nafasi ya abiria 1,200 na magari madogo 20, na husafiri usiku kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza. Ulizia ratiba bandarini Mwanza kabla hujaondoka, na uandikishe gari mapema, maana hizo nafasi 20 unagombea na wafanyabiashara.